Amana ya Mjapani

Shakir wa Kisauni alikuwa mwoga, na mwenyewe hakuficha. Aliogopa lifti, aliogopa mbwa wa Wazungu wanaotembezwa jioni kule Jumeirah, Dubai, aliogopa bahasha yoyote yenye muhuri, na zaidi ya yote aliogopa kuitwa ofisini bila kuambiwa sababu. Wenzake wa chumba pale Karama walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliwajibu kwa methali aliyolelewa nayo, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, tena akiitamka kwa lafudhi ile ya Mombasa inayofanya hata woga uonekane ustaarabu.

Lakini mwoga si lazima awe mvivu. Shakir alikuwa mtunza vifaa wa klabu moja ya daraja la pili huko Rashidiya, uwanja ulio karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba kocha akiwa anafoka, ndege ikipita juu, inabidi afunge mdomo asubiri ipite ndipo aendelee kufoka. Kazi yake Shakir ilikuwa jezi, soksi, viatu, mipira na maji. Mchezaji akiingia chumba cha kubadilishia nguo anakuta jezi yake imetundikwa, bukta imekunjwa, soksi zimepachikwa moja ndani ya nyingine, na viatu vimeelekezwa mlangoni kama vinavyotaka kutoka vyenyewe. Hakuwahi kupoteza hata kamba ya kiatu. Mtu anayeogopa kuitwa ofisini hapotezi kitu.

Sasa huyu ndiye mtu ambaye Mjapani alimchagua ampe amana.

Jina lake Mjapani lilikuwa Ryohei Kurihashi, lakini pale klabuni hakuna aliyejisumbua nalo. Raed, meneja wa timu, Mjordani mwenye sauti ya kupigia mnada, alimwita Yabani, yaani Mjapani kwa Kiarabu. Wachezaji wengine nao wakamwita Yabani. Alikuja mwaka 2006 joto likianza kupungua, kijana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, nywele zake kapaka rangi ya kahawia kama mtoto mtundu, na kila akiingia uwanjani huinama kwanza, akausalimu uwanja kama mtu anayepiga hodi kwa mkwewe. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili walimwona na mpira, wakaacha kucheka.

Kwao alikuwa mtu mashuhuri, au tuseme aliwahi kuwa. Alitoka mkoa wa kaskazini wenye theluji, na huko Japani mashindano ya mpira ya shule za sekondari huonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima. Akiwa na miaka kumi na saba alifunga bao la fainali, na mwaka uliofuata sura yake ilichapishwa kwenye maboksi ya maziwa ya mkoa wao. Akasajiliwa na klabu kubwa, akaitwa timu ya taifa ya vijana, magazeti yakaandika. Kisha goti likamsaliti. Alipopona, nafasi yake ilikuwa imekaliwa na mwingine, na yule mwingine naye alishaingia kwenye maboksi ya maziwa. Akaazimwa huku, akaazimwa kule, mwisho wakala wake akamleta Dubai.

Umaarufu uliobaki ulikuwa wa ajabu ajabu. Mara moja alikwenda na Shakir kununua mafuta ya kuchulia huko Al Muraqqabat, na wanawake wawili wa Kijapani waliokuwa wakichagua matikiti wakamtambua. Waliinama, wakalia, wakainama tena, mpaka mlinzi wa duka akaja kuuliza kama huyu kijana kawaibia. Upande wa pili, kule Karama, wapishi wa Kihindi walimwomba apige nao picha wakiamini ni mwigizaji wa sinema za karate, naye kwa heshima akawakunjia ngumi.

"Japani wananijua, hawaniulizii," alimwambia Shakir siku moja. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, na kwa hiyo walielewana vizuri sana. "Hapa hawanijui, kila siku wananiuliza: umekula? umelala? Huyu ni wewe tu, Shakir-san."

Shakir alimwuliza kama amekula.

Amana yenyewe ilikuwa kifuko cha kitambaa chekundu, kidogo, cha kutosha kwenye kiganja, kimefumwa kwa nyuzi za dhahabu na kufungwa juu kwa kamba nyeupe yenye fundo la maridadi. Mama yake Kurihashi alikwenda kukichukua hekaluni siku mwanawe alipoondoka nyumbani. Ndani mna karatasi iliyoombewa. Kucheza nacho haiwezekani, mwamuzi hakubali, na kukiacha kwenye kabati hakutaka. Basi kabla ya kila mechi, timu ikiwa imepanga mstari mlangoni, Kurihashi alimkabidhi Shakir kile kifuko kwa mikono miwili, na Shakir akakitia kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo. Mechi ikiisha, kijana ananyoosha mikono, anarudishiwa. Hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili.

Tangu siku ya kwanza Shakir alikijua kile ni nini. Mtu wa pwani hafundishwi hirizi. Na ndiyo sababu moyo wake haukutulia, maana nchi ile mambo hayo si mchezo. Mtu akikutwa na talasimu anaweza kushitakiwa kwa sihiri, na walikuwepo waliosimamishwa uwanja wa ndege kwa sababu ya vifundo walivyofungiwa na bibi zao. Raed alikuwa mtu wa swala tano na hasira sita. Angekiona kile kifuko asingeuliza ni cha mama wa nani. Lakini Shakir alishindwa kumkatalia kijana. Kila Ijumaa alikaa mwisho wa benchi, mkono kwenye mfuko wa shati, mtu akidhani anaumwa kifua.

Aprili mwaka 2007 habari zikaja kwamba klabu moja ya Uholanzi inamtuma mtu wake kumtazama Yabani mechi ya Ijumaa inayofuata. Mkataba wa kijana ulikuwa unakwisha Mei. Raed alisema mbele ya wote kwamba klabu haitaongeza, pesa za wageni zimekwisha, khalas. Kwa hiyo ilikuwa ni Uholanzi, au kurudi nyumbani kwenye theluji akauze viatu kwenye duka la mjomba wake, kwani hilo ndilo aliloahidiwa. Waandishi wawili wa Kijapani walipanga kuja pia, wenye kamera, kuona kama yule mtoto wa maboksi ya maziwa bado yu hai.

Na wiki hiyohiyo ndiyo Shakir alipofanya kosa.

Chumba cha Karama kilikuwa na zamu ya kufua. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Linus, mlinzi wa jengo moja la ofisi, mtu wa Kakamega, mwili mkubwa na moyo mweupe, ambaye kufua kwake ni kutumbukiza kila kitu kwenye beseni moja na kukipondaponda kama anatwanga muhogo. Jumamosi asubuhi Shakir alitoka kuoga akakuta shati lake la jana limo ndani ya povu. Aliugusa mfuko. Alipiga ukelele mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Jana yake mechi ilipoisha Kurihashi alichukuliwa harakaharaka na wakala wake, hakunyoosha mikono. Naye Shakir alisahau. Mtu asiyepoteza hata kamba ya kiatu alisahau.

"Sasa hiyo ni nini, bana?" Linus aliuliza, povu hadi kwenye viwiko. "Juju? Wee Shakir, unaroga nani huku? Unataka tupelekwe wote deportation?"

"Si yangu. Nyamaza, Linus, nakuomba."

"Si yako, na iko kwa shati yako. Haya. Hiyo story waambie polisi."

Shakir alikimbia na kile kifuko hadi dirishani. Kilikuwa kinadondosha maji. Hapo mikono yake ikafanya ilichofundishwa na bibi yake huko Kisauni. Bibi alikuwa akisema hirizi ikiingia maji usiiache ioze: ifungue kwa bismillahi, itoe karatasi uianike kivulini, ikikauka uikunje ilivyokuwa. Ilikuwa ni adabu, ilikuwa ni kuhurumia kitu cha watu. Basi Shakir akasoma bismillahi, akalifungua lile fundo la maridadi, akaingiza vidole. Kilichotoka kilikuwa uji. Karatasi ilikuwa imevurugika, wino umechuruzika, na katika kuitandaza kwenye kiganja ikamkatikia vipandevipande.

Akakikausha kile kitambaa kwa pasi. Ndani akatia kipande cha kadibodi alichokata kwenye boksi la soksi mpya, kwa sababu kuandika aya ya Kurani na kuitia kwenye begi la viatu la mtu anayekwenda nalo hadi chooni, hilo hakuthubutu. Fundo alilijaribu mara nyingi, mpaka likakubali kufanana na lile la mwanzo. Mtu mwingine asingejua.

Jumapili alimrudishia, na kwa kuwa roho ilimwasha akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. "Kurihashi-san, hiki, mtu akikifungua inakuwaje?"

Kijana alikuwa anafunga kamba za viatu. Alicheka, kisha hakucheka. "Hapana kufungua. Mama alisema hivyo toka mimi mdogo. Ukifungua, aliye ndani anatoka. Khalas." Akakitazama kile kifuko, akakigeuzageuza. "Kimekuwa kisafi," kijana akasema.

"Nimekipangusa," alijibu Shakir.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Shakir alishaumwa. Kaka yake, Abdu, alikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa iliyotikisa Mombasa nzima miaka ya tisini. Timu zile kila moja ilikuwa na mganga wake, na Abdu alipewa hirizi ya kukaa kwenye begi lake ambayo, walisema, ikiwa nzima hakuna beki angeweza kumsogelea. Siku ya nusu fainali Shakir, wakati huo kijana mdogo mbeba mabegi, aliikuta ile hirizi kwenye begi la kaka yake imepasuliwa, ndani patupu. Mtu wa timu ya pili alikuwa ameingia. Alimkimbilia Abdu mlangoni, timu inatoka, akamnong'oneza sikioni: kaka, hirizi imefunguliwa. Abdu alicheza dakika chache. Kisha akaenda kugombea mpira na beki, mfupa wa mguu ukalia kwa!, watu wa jukwaani wakausikia. Mpaka leo Abdu anatembea kwa kuchechemea na anauza nazi.

Basi hesabu ya Shakir ilikuwa wazi. Hirizi ya Abdu ilifunguliwa, Abdu akavunjika. Ya huyu kijana imefunguliwa, na aliyeifungua ni yeye, kwa vidole vyake hivi. Ijumaa kijana atavunjika mbele ya Mholanzi, mbele ya kamera, na mama yake ataona kwenye televisheni. Hakuweza kula. Jezi namba kumi na moja, ya kijana, aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kijana alipompita mazoezini na kumpigia saluti ya utani, Shakir alikimbilia stoo akajifungia na mipira.

Amwambie? Akimwambia, kijana atajua na huenda akaomba asicheze, na nafasi itapotea, lakini miguu itabaki. Kisha Raed atasikia, na pasipoti ya Shakir iko kwenye mtoto wa meza ya Raed. Asipomwambia, basi atakuwa amemtuma kijana wa watu machinjoni akiwa anamwangalia. Aliogopa huku, aliogopa huku. Alhamisi mchana alinunua kadi ya simu, akasimama nje ya duka la Mmalabari, Mhindi wa Kerala, jua likimpiga utosini, akampigia Abdu.

Alimweleza yote. Abdu alisikiliza bila kukatiza, na kule nyuma yake Shakir alisikia watu wakigombania bei ya nazi.

"Kwa hivyo wataka kumwambia," Abdu alisema mwishowe.

"Nimwambie nini, kaka? Au nimuache avunjike?"

"Shakir, nisikize. Mie hili sijapata kukwambia, na mama angekuwa hai asingependa nikwambie. Hirizi haina mikono. Wallahi siku ile mpaka nafika mlangoni sikuwa na habari ya kitu, n'likuwa simba. Wewe ukaja ukan'nong'oneza. Ule mpira n'lioufuata, siku zote n'kiufuata kwa mguu wote. Siku ile n'liufuata kwa nusu mguu, kwa sababu n'likuwa nangoja kuvunjika. Mtu akienda kwa nusu mguu ndiye avunjikaye. Si hirizi iliyonivunja, ndugu yangu."

Shakir alishika ukuta wa duka. "Ni mimi?"

"Ulikuwa mtoto. Ulikuwa wanipenda. Lakini kijana wa watu usimwambie. Umesikia? Kama ni kuogopa, uogope wewe peke yako, yeye muache."

Kadi ikaisha, simu ikakatika. Shakir alibaki ameshika simu sikioni, machozi yakimtoka mbele ya watu, na Mmalabari akatoka na kiti akamwambia akae. Miaka yote alikuwa akimhurumia Abdu kwa kilichompata. Hakujua kwamba Abdu naye alikuwa akimhurumia yeye.

Usidhani maneno ya Abdu yalimwondolea woga. Yalimwongezea mwingine. Sasa aliogopa kile kifuko kitupu, na aliogopa uso wake mwenyewe, usije ukasema kile ambacho mdomo umekatazwa. Ijumaa alasiri, timu ilipopanga mstari mlangoni, Kurihashi aligeuka na kumletea kifuko kwa mikono miwili kama kawaida. Shakir alikipokea kwa mikono miwili. Alitabasamu. Tabasamu lile lilimchosha kuliko kubeba mipira yote ya klabu tangu aajiriwe.

"Shakir-san, unaumwa?"

"Joto tu. Yalla, nenda."

Kijana akauinamia uwanja, akaingia.

Watazamaji walikuwa wachache, wengi wao wafanyakazi waliokuja kujikinga jua chini ya jukwaa. Mholanzi alikaa peke yake na kofia nyeupe, akinywa sharubati ya embe. Wale waandishi wawili walikuwa nyuma ya goli. Shakir alikaa mwisho wa benchi, mkono kifuani, na kila Kurihashi alipopokea mpira yeye alifumba macho. Alijua mambo yanavyokwenda kwa kusikiliza. Watu wakisema aah, amempita mmoja. Wakisema ooh, amepiga nje. Kila sauti ilipotulia alifumbua jicho moja, akahesabu miguu ya kijana, akaikuta ipo miwili, akafumba tena. Karibu na mapumziko alishusha pumzi kidogo. Kipindi cha pili kilipoanza akaipandisha tena.

Kijana alicheza siku ile kama mtu aliyeitwa nyumbani kwao. Aliingia kila mahali kwa mguu wote. Palipo na beki alipita, palipo na mabeki wawili alikwenda akawauliza njia. Hata Raed alisimama, na Raed hasimami bila sababu.

Kisha ukaja mpira mrefu, ukavuka mabeki, ukadunda katikati ya Kurihashi na kipa wa wageni, jitu la kilo mia lililokuwa likitoka golini kwa kasi. Shakir safari hii hakuwahi kufumba. Aliona yote. Mtu mwenye akili angepunguza mwendo. Kurihashi hakupunguza hata chembe. Alijitupa mguu mbele, akaugusa mpira, ukapita ubavuni mwa kipa ukaenda taratibu kuelekea golini, na papo hapo miili miwili ikagongana. Kipa akamwangukia mguuni. Na katika ule ukimya, kabla watu hawajajua washangilie au walie, kikalia kitu: kwa!

Ilikuwa ni sauti ileile. Shakir hakujua ameondokaje kwenye benchi. Watu walisimulia baadaye kwamba alirusha chupa za maji, akaruka mstari, akakimbia kwa viatu vya kandambili akaviacha njiani, mwamuzi akipuliza filimbi nyuma yake. Alikuwa analia kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha Kisauni, na uwanja mzima hakuna aliyeelewa neno.

"Ni mimi! Nimeifungua mimi! Ewe uliyetoka humo, nichukue mimi, yeye hajui kitu, hana kosa, ni mimi!"

Alimsukuma yule kipa, jitu la kilo mia, likabiringika. Akapiga magoti kwenye nyasi, akaushika mguu wa kijana kwa mikono yote miwili, akaupapasa kutoka gotini hadi kifundoni akitafuta mfupa uliotoka. Kurihashi alikuwa amelala chali, macho wazi, pumzi imemkata, hasemi. Shakir alilia juu ya ile soksi. Akaivuta chini, na kipande cha plastiki kikamdondokea mapajani, na kipande cha pili kikafuata. Kilichovunjika kilikuwa kinga ya ugoko. Mguu ulikuwa mzima, mwekundu tu mahali pamoja.

Ikamchukua muda kuamini. Aliushika tena, akaukunja, akaunyoosha. Kijana alivuta pumzi kubwa, akakohoa, akaketi. Kule golini mpira ulikuwa ndani ya wavu.

Mwamuzi alimtoa Shakir uwanjani kwa kidole. Raed alimngoja kwenye mstari, mishipa ya shingo imesimama. "Majnun! Hii nini? Wewe mganga? Wewe mama yake? Kwenye benchi sitaki kukuona tena msimu huu, na Jumapili uje ofisini!" Kuitwa ofisini, jambo ambalo Shakir aliliogopa kuliko yote duniani, lilimpita sikioni kama nzi. Alitembea miguu mitupu hadi chumba cha kubadilishia nguo, akakaa katikati ya mabegi mpaka mechi ilipokwisha.

Wenzake waliingia wakishangilia, wakaoga, wakatoka. Kurihashi alichelewa. Wale waandishi walimshika, kisha Mholanzi naye alishuka, akamwekea mkono begani, wakaongea kwa muda karibu na lango. Alipoingia walikuwa wawili tu mle ndani, yeye na Shakir, na jezi chafu sakafuni. Kijana aliketi kwenye benchi, akaweka barafu kwenye ugoko, akanyoosha mikono miwili.

Shakir alitoa kile kifuko. Kilikuwa kimelowa jasho lake. Kurihashi alikipokea, akakiinua hadi kwenye paji la uso, akabaki hivyo kitambo.

"Mholanzi amesema nije wiki mbili kujaribiwa," alisema. "Mechi mbili nacheza huko."

"Alhamdulillahi."

"Shakir-san, nikuambie kitu. Siku goti langu lilipovunjika Japani, uwanja ulijaa. Watu wote walijua jina langu. Wote walisimama, wote walinitazama. Hakuna aliyekuja. Daktari alikuja, lakini daktari ni kazi yake, alitembea." Akafuta pua kwa mkono wa jezi kama mtoto. "Leo wewe ulikimbia. Bila viatu. Mwamuzi anapiga filimbi, wewe unakimbia. Mimi nimelala, sipumui, nakuona unakuja. Ulikuwa unapiga kelele sana. Ulikuwa unasema nini?"

Ukweli ulimpanda Shakir ukafika kwenye meno. Mechi imekwisha, alijiambia, sasa anaweza kujua. Alimtazama kijana na barafu yake, na ghafla akaona jambo ambalo hakuwa ameliona hata pale kwenye simu ya Abdu: kwa mchezaji hakuna siku ya baada ya mechi. Kuna Ijumaa ijayo. Kuna Uholanzi, na mabeki wa huko wenye vifua kama milango. Kila siku ambayo angechagua kumwambia ingekuwa ni mlangoni, timu ikitoka. Siri ile hakuwa ameibeba mpaka leo. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuibeba.

"Nilisema usiogope," alijibu.

Kurihashi alimwangalia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa swali lisilokuwepo.

"Mimi sikuogopa," alisema. "Niogope nini? Ulikuwa nacho wewe."

Shakir aliinama akaanza kuokota soksi, uso wake usionekane.